SADAKO: sauti moja, maandishi manne. Ukitaka maana ya jina la Kijapani, anza kwa kuuliza linaandikwaje

Mkunja Karatasi:

Habari zenu wakuu.

Juzi kuna mzazi mwenzetu aliuliza humu maana ya jina Sadako. Binti yake amesoma shuleni habari za yule mtoto wa Hiroshima aliyekunja korongo wa karatasi akiwa hospitalini, sasa anataka kujua jina lile lina maana gani. Akajibiwa chapuchapu kwamba ni "mtoto mwaminifu", mwingine akasema "mtoto msafi wa moyo", na wa tatu akabandika picha ya tovuti ya majina ya watoto kuthibitisha. Mada ikaishia kwenye shukrani.

Jibu lile ni la Sadako mwingine. Kwa Sadako wa Hiroshima si sahihi, na limeniuma kwa sababu kosa hilo hurudiwa kila mahali, hata na watu wanaompenda mtoto yule kwa dhati. Nimeona nilete uzi kamili.

Niliishi Hiroshima miaka miwili na nusu nikisoma. Kitu kilichonishangaza mapema kuliko hata baridi ni viganja vya watu. Mama mwenye nyumba niliyopanga alikuwa akinitajia jina la mtu, hapohapo ananyoosha kiganja cha kushoto na kuandika juu yake kwa kidole cha shahada cha kulia, harakaharaka, kama ana wino. Nilidhani ni mazoea yake. Kumbe posta wanafanya, benki wanafanya, wazee wakikutana kwenye basi wanafanya. Mtu akitaja jina, msikilizaji huuliza, "Kwa herufi gani?" Sisi tukisikia Neema tumemaliza, tumepata jina na maana yake kwa pamoja. Mjapani akisikia Sadako amepata mlio tu. Jina bado.

Ni kwa sababu Wajapani walichukua herufi za Kichina, zile kanji, ambazo kila moja ina maana yake, wakazisoma kwa maneno ya lugha yao. Mlio mmoja ukaweza kuandikwa kwa herufi nyingi, na herufi moja ikaweza kusomwa kwa milio mingi. Mzazi anachagua mlio unaompendeza, halafu anakaa na kalamu kuchagua herufi. Dua yake kwa mtoto anaiweka kwenye herufi.

Sehemu ya "ko" haina shida: 子, mtoto. Kazi iko kwenye "sada". Nitaleta akina Sadako wanne wanaojulikana katika historia, kila mmoja na sada yake. Nipeni muda, naandika kwa simu.

Mwana wa Rusumo:

Nimeweka kiti mkuu. Mimi jina hilo silijui kwa korongo, nalijua kwa Mama Ogata, aliyeongoza UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa. Nilikuwa mtoto Ngara mwaka 1994. Usinisahau ukifika kwake.

Saada wa Wete:

Samahani kwa kuingilia, mie jina langu Saada na shuleni walikuwa wakiniita Sadako kwa utani. Kuna uhusiano wowote?

Mkunja Karatasi:

Dada Saada, hapana. Lako linatoka Kiarabu, ni heri na furaha, na limefika Pemba na majahazi kabla babu zetu hawajaijua Japani. Ila subiri mwisho wa uzi, kuna herufi moja itakufurahisha.

Nianze na hiyo "ko", maana nayo ina safari yake. Zamani haikuwa ya wanawake peke yao. Balozi aliyetumwa China mwaka 607 aliitwa Ono no Imoko, mwanamume, na bwana mkubwa wa enzi zilezile aliitwa Soga no Umako, naye mwanamume. Karne ya 9, makao ya kifalme yalipokuwa Heian, ndiyo Kyoto ya leo, "ko" ikawa alama ya mabinti wa kifalme na wa nyumba kubwa. Mkulima hakumwita bintiye hivyo. Wasichana wa kawaida waliitwa kwa majina mafupi ya vitu vinavyoishi na kudumu: Ume, ule mti unaochanua theluji ikiwa bado chini, Matsu, msonobari, Kame, kobe, Tsuru, korongo. Mpaka katikati ya karne ya 19 hali ilikuwa hiyo.

Serikali ya mfalme Meiji ilipovunja matabaka, watu wa kawaida walianza kuwapa mabinti zao ile "ko" ya wakubwa, na kufikia miaka ya 1930 na 1940 majina ya kike yaliyopendwa zaidi nchini karibu yote yaliishia hivyo. Enzi ya Shōwa, yaani ya mfalme Hirohito, ilipoanza, Desemba 1926, herufi 和 ya jina la enzi ilizaa akina Kazuko kila mtaa. Leo ni majina ya bibi na shangazi. Wasichana wanaozaliwa sasa wanaitwa Rin, Mei, Himari.

Kwa hiyo Sadako ni jina lililovaa nguo ya ikulu kisha likashuka mtaani. Mmoja wa kwanza kulivaa alikuwa malkia.

Mkunja Karatasi:

Sadako wa kwanza: 定子. Alizaliwa mwaka 977 katika ukoo wa Fujiwara, akaolewa na mfalme Ichijō. Herufi 定 ina paa juu, na maana yake ni kutulia, kuthibitika, kitu kilichokaa mahali pake kisihame.

Nasikitika kila nikiiona, kwa sababu maisha hayakumpa utulivu huo. Baba yake, Michitaka, alifariki mwaka 995. Mwaka uliofuata kaka zake wakahukumiwa uhamisho, naye akakata nywele zake, kitendo cha kuiaga dunia na kuingia utawa. Mfalme akamrudisha kwa sababu alimpenda. Baba mdogo wa 定子, Michinaga, akamwingiza ikulu binti yake mwenyewe, na mwaka 1000 mfalme akawa na malkia wawili kwa mpigo, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Kabla majira ya baridi hayajaisha 定子 alifariki akijifungua, ana miaka 24. Aliyeandika siku zake za furaha ni mtumishi wake, Sei Shōnagon, na karibu hakugusa ile misiba. Alichagua bibi yake akumbukwe anacheka.

Angalizo kwa wenye kusoma zaidi: vitabuni mtamkuta akiitwa Teishi. Herufi ni zilezile, zimesomwa kwa sauti ya Kichina. Majina ya mabibi wa enzi ile hayakutamkwa ovyo, kwa hiyo usomaji wake halisi mara nyingi umepotea, na wanahistoria wanatumia sauti ya Kichina kwa tahadhari. Hata Sei Shōnagon si jina lake la kuzaliwa, ni cheo na ukoo. Hapa sisi hatuko mbali nao. Kuna wanawake mtaani kwetu tumewaita Mama Asha miaka 30, na siku ya msiba ndipo tunapolisikia jina lao.

Msomaji Mtulivu:

Mkuu, unasema herufi zilezile zinasomwa tofauti. Sasa kwenye cheti cha kuzaliwa inakuwaje? Wanaandika lipi?

Mkunja Karatasi:

Swali zuri. Kila familia ina rejista yake, inaitwa koseki, na mtoto anatakiwa aandikishwe ndani ya siku 14. Kwa muda mrefu rejista hiyo iliandika herufi tu. Namna jina linavyosomwa haikuwamo. Sheria imebadilika juzijuzi: tangu tarehe 26 Mei 2025 usomaji nao unaandikwa. Fikiria uzito wa jambo hilo. Nchi nzima, watu zaidi ya milioni mia moja, na rejista kuu ilikuwa haijui kwa sauti wanaitwa nani.

Herufi zenyewe zina mpaka. Tangu 1948 huwezi kumpa mtoto herufi yoyote unayotaka, lazima iwe kwenye orodha zilizokubaliwa na serikali. Mwaka 1951, baada ya wazazi kulalamika, ziliongezwa herufi 92 maalumu kwa majina. Kumbukeni orodha hiyo, nitairudia.

Kabla ya ofisi kuna nyumbani. Usiku wa saba baada ya kuzaliwa jina huandikwa kwa brashi kwenye karatasi nyeupe na kutundikwa ukutani, familia ikala pamoja. Watu wa Pwani mnaofanya akika siku ya saba mtaelewa bila mimi kueleza.

Sasa Sadako wa pili: 節子. Huyu ni wa ukoo wa Kujō, alizaliwa 1884, akaolewa na mrithi wa ufalme ambaye baadaye akawa mfalme Taishō. Ndiye mama wa mfalme Hirohito. Herufi 節 juu ina mwanzi, na mwanzo wake ni kile kifundo cha mwanzi pingili mbili zinapokutana. Kutoka hapo ikapata maana ya kiasi, kujizuia, kushika msimamo. Mwanzi unapinda kwenye upepo na hauvunjiki, kwa sababu ya vifundo.

Ila herufi hizohizo, 節子, mtu wa kawaida akiziona atasoma Setsuko. Ikatokea mtoto wa pili wa malkia huyu, mwanamfalme Chichibu, akachumbia binti wa ukoo wa Matsudaira aliyeitwa Setsuko na kuandikwa 節子. Kwa sauti hakuna tatizo: mama mkwe Sadako, mkwe Setsuko. Kwa maandishi ni jina moja, na mkwe hawezi kushika jina la mama mkwe wake ambaye ni malkia mama. Kabla ya arusi ya mwaka 1928 akabadilishiwa herufi: 勢津子. Herufi ya kwanza ilichukuliwa kwenye jina la Ise, penye hekalu kuu la mababu wa kifalme, ya pili kwenye Aizu, nchi ya ukoo wake. Aliendelea kuitwa Setsuko vilevile, hata mama yake mzazi hakulazimika kubadili ulimi, lakini kwenye karatasi alikuwa mtu mwingine, na jina lake limebeba mahali anakokwenda na mahali alikotoka. Nimesoma visa vingi vya majina ya Kijapani, sijapata kinachonigusa kama hiki.

Kijana wa Tandika:

Wengi wa rika letu tukisikia Sadako tunamkumbuka yule mzimu wa filamu mwenye nywele usoni, anayetoka kwenye televisheni. Yeye anaandikwaje?

Mkunja Karatasi:

Anaandikwa 貞子. Filamu ilitoka 1998 na ikaivuruga kabisa sauti ya jina hili kwa vijana wa Kijapani. Nilisoma na wenzangu ambao ukiwatajia Sadako wanainamisha kichwa na kushusha nywele mbele kabla hujamaliza sentensi. Inasikitisha, kwa sababu 貞子 huyohuyo ndiye anayengojwa na ndugu yetu wa Ngara. Twende kwake.

Sadako wa tatu: Ogata Sadako, 緒方貞子, maana kwao ukoo hutangulia. Alizaliwa Tokyo tarehe 16 Septemba 1927 akiitwa Nakamura Sadako. Ogata ni ukoo wa mumewe, kwani sheria ya huko inawataka wanandoa wawe na jina moja la ukoo. Babu wa mama yake, Inukai Tsuyoshi, alikuwa waziri mkuu, akapigwa risasi na maofisa vijana wa jeshi tarehe 15 Mei 1932. Sadako alikuwa na miaka minne.

Herufi 貞 hapo juu ina 卜, alama ya ufa. Wachina wa kale walichoma mifupa na magamba ya kobe, wakasoma nyufa zake kujua la kesho. Chini inafanana na herufi ya kombe la baharini, lakini asili yake ni chungu cha shaba cha miguu mitatu, cha ibada. Kwa hiyo mwanzo wake ni kuuliza ramli. Kutoka kuuliza ikaja kupata jibu la kweli, kutoka jibu la kweli ikaja kunyooka na kutotikisika. Baadaye sana wanaume wakaibana herufi hii iwe uaminifu wa mke kwa mume tu. Kuna neno *teisetsu*, 貞節, ndilo hilo la mke mwaminifu, na mkiangalia vizuri mtaona ni sada mbili zimekaa pamoja, ya Ogata na ya malkia. Ndipo tovuti zinapopata "mtoto msafi". Siyo uongo, ila ni chumba kimoja cha nyumba kubwa.

Mimi nikimtazama Mama Ogata naona ile maana ya kale. Alishika UNHCR kuanzia 1991 hadi mwisho wa 2000, mwanamke wa kwanza. Mwaka wake wa kwanza Wakurdi wa Iraq walikimbilia mpaka wa Uturuki wakazuiwa kuvuka. Kwa kanuni, asiyevuka mpaka si mkimbizi wa shirika. Wasaidizi wake waligawanyika. Akaamua wasaidiwe hukohuko ndani ya Iraq.

Mwana wa Rusumo:

Asante. Ngoja niongeze nilichokiona. Mwisho wa Aprili 1994 watu wapatao laki mbili na nusu kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo kuingia kwetu kwa muda wa siku moja hivi. Sisi watoto tulisimama kando ya barabara. Hakukuwa na kelele, na hicho ndicho kilichotutisha. Kina mama wamejitwika magodoro, watoto wameshika upindo wa kanga ya mama asipotee. Baada ya wiki kadhaa kambi ya Benaco ikawa kama mji, maturubai ya buluu mpaka upeo wa macho. Baba yangu alikuwa akisema wote wale wako kwenye mikono ya mama mmoja mfupi wa Kijapani. Sikujua jina lake lina chungu cha ibada ndani yake.

Mkunja Karatasi:

Mkuu, umenitoa machozi. Na kazi ile ilimtesa. Julai mwaka uleule watu wapatao milioni moja wakaingia Goma, Zaire, ndiyo Kongo ya leo, kipindupindu kikawafyeka. Humo kambini walikuwamo pia wenye silaha waliofanya mauaji Rwanda. Aliomba Umoja wa Mataifa ulete jeshi kuwatenga, nchi hazikutoa askari, mwisho shirika likawalipa askari wa Zaire walinde kambi. Yeye mwenyewe baadaye alizungumza wazi ugumu wa maamuzi yale. Alifariki Oktoba 2019, ana miaka 92.

Sasa tumfikie mtoto.

Mkunja Karatasi:

Sadako wa nne: Sasaki Sadako, 佐々木禎子.

Tazameni herufi hii polepole: 禎. Upande wa kulia ni ileile 貞 ya Mama Ogata, yenye ufa na chungu. Upande wa kushoto kumeongezwa 礻, alama ya madhabahu. Ramli imepelekwa mbele ya madhabahu, na jibu limekuja jema. Maana yake ni ishara njema, heri inayoshuka kutoka juu. Dada Saada, hapo ndipo nilipokuwa nakupeleka. Kwa sauti ninyi wawili hamna uhusiano, lakini kwa maana mmekutana kwenye heri.

Alizaliwa Hiroshima tarehe 7 Januari 1943, mwana wa kinyozi. Vita vilikuwa vimekaza, na wazazi wakamwandikia mtoto herufi ya heri. Asubuhi ya tarehe 6 Agosti 1945 alikuwa na miaka miwili, yuko nyumbani, kilomita moja na nusu na ushee kutoka chini ya mlipuko wa bomu la atomiki. Hakuungua. Walipokuwa wakikimbia, mvua nyeusi yenye mabaki ya bomu iliwanyeshea. Akakua, akaingia shule, akawa mkimbiaji hodari wa mbio za kupokezana vijiti. Mwisho wa 1954 uvimbe ukatokea shingoni. Februari 1955 akalazwa hospitali ya Msalaba Mwekundu: saratani ya damu.

Agosti wanafunzi wa Nagoya waliwatumia wagonjwa korongo wa karatasi. Wahenga wa Kijapani husema korongo huishi miaka elfu na kobe miaka elfu kumi, ndiyo maana wasichana wa zamani waliitwa Tsuru na Kame, na anayekunja korongo elfu hufanya ombi. Karatasi ilikuwa adimu, akakunja karatasi za kufungia dawa. Wengi huelezwa kwamba aliishia njiani akiwa na mia sita na kitu. Kaka yake, Masahiro, amesema mara nyingi kwamba alipita elfu na akaendelea. Tarehe 25 Oktoba 1955 aliomba wali uliomiminiwa chai, akasema ni mtamu, akawashukuru wote waliokuwapo. Alikuwa na miaka 12.

Wanafunzi wenzake wakaanza kuchangisha, shule zaidi ya 3,000 zikaitika, na tarehe 5 Mei 1958, sikukuu ya watoto, mnara ukafunuliwa: msichana juu kabisa, ameinua korongo kwa mikono miwili. Nilikuwa napita pale kwa baiskeli. Nyuma yake kuna vibanda vya vioo vilivyojaa korongo kutoka duniani kote, tani kama kumi kila mwaka, zimetungwa kwenye nyuzi kama shada. Ukisogea unaona baadhi zimekunjwa na mtoto mdogo sana, mabawa hayalingani, alama ya kidole chenye jasho bado ipo kwenye karatasi.

Na ile orodha ya 1951, ya herufi 92 zilizoruhusiwa kwa majina? Imo 禎. Imo pia 鶴, korongo. Ziliingia pamoja, Sadako akiwa na miaka minane, hajaugua.

Kwa hiyo ndugu mzazi, ukimwambia binti yako "mtoto mwaminifu" utakuwa umempa jina la mtu mwingine. Mwambie: mtoto wa ishara njema. Na umwoneshe herufi.

Baba Nuru:

Mimi ndiye niliyeuliza ile siku. Shikamoo mkuu kama umri unaruhusu, na asante sana. Nimemsomea uzi wote jioni hii, ameuliza kama anaweza kuiandika mwenyewe. Inaanzia wapi?

Mkunja Karatasi:

Marahaba, na mpe salamu zangu. Herufi ina mistari 13. Aanze kushoto na madhabahu: kinukta cha juu, mstari unaokwenda kulia kisha unashuka kwa kukata chini kushoto, wima, kinukta cha pembeni. Hiyo minne. Kisha kulia: wima fupi, kitawi kidogo cha kulia, halafu sanduku lenye mistari miwili ndani, na miguu miwili chini. Hiyo tisa. Halafu 子, mistari mitatu. Sauti ipande mwanzoni, SA-da-ko, si kama tunavyosema sisi sa-DA-ko.

Baba Nuru:

Ameandika mara tano nyuma ya daftari la hisabati. Mara ya tatu alisahau kinukta cha juu, akafuta akaanza upya. Sasa anafanya kwa kidole kwenye kiganja changu.